Kimya cha Mteja Kisigeuzwe Saini

Ujumbe unaingia kwenye simu, na neno linaloonekana kwanza ni BURE kwa herufi kubwa. Jiunge na dondoo za afya, habari za mpira, mafundisho ya dini au mwito wa muziki wa kumburudisha anayekupigia. Siku tatu za mwanzo hulipi kitu, baada ya hapo Sh100 kwa siku, kujitoa tuma neno ONDOA. Bei na siku hutofautiana, lakini mtindo ni huo. Aliyeko Magu mjini, Kisesa au Nyanguge, hapa mkoani Mwanza, anaupata kama anavyoupata aliyeko Kariakoo. Ukiusoma kwa utulivu huoni uongo: bei ipo, muda upo, njia ya kutokea ipo. Hata hivyo malalamiko ya watu kukatwa salio kwa huduma wasizokumbuka kuzinunua ni ya siku nyingi nchini, na ukimuuliza mlalamikaji ni lini alikubali kulipa, anakosa jibu kwa sababu siku hiyo haikuwahi kuwapo. Alikubali kujaribu. Kulipa kulifuata siku ya nne, wakati yeye yuko jarubani au mwaloni, hana habari.

Ofa ya namna hii husifiwa kwamba inampa mnunuzi nafasi ya kuonja kabla ya kununua. Sipingi kuonja. Muuza machungwa wa stendi akikukatia kipande, ukala ukaondoka bila kusema neno, mambo yameishia hapo. Hakuna anayekufuata nyumbani kesho yake kudai bei ya chungwa zima. Majaribio ya bure ya kwenye simu huzaa walipaji kwa sababu nyingine: yamepangwa ili anayenyamaza ahesabiwe kuwa amenunua. Muuzaji angeweza kuandika, "ukitaka kuendelea tuma NDIYO." Anachagua kuandika, "usipotaka tuma ONDOA." Huduma ni ile ile na bei ni ile ile, ila kazi ya kusema imehamishwa kutoka kwa anayetaka pesa kwenda kwa mwenye pesa. Hapo ndipo faida inapotengenezwa, na naamini hapo ndipo kanuni za nchi zinapopaswa kuingilia: muda wa bure ukiisha, kimya cha mteja kimaanishe kwamba ameondoka.

Nguvu ya mpangilio huo imepimwa. Mwaka 2003 watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya katika jambo zito kuliko mwito wa simu, yaani kuchangia viungo vya mwili baada ya kifo. Ujerumani, ambako mtu alitakiwa kujiandikisha ndipo ahesabiwe kuwa mchangiaji, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, majirani wanaozungumza lugha hiyo hiyo, kila mtu alihesabiwa kuwa amekubali mpaka aseme hapana, na waliokubali walikuwa asilimia 99.98. Haiwezekani huruma ya Waaustria iwe mara nane ya huruma ya Wajerumani. Walichotofautiana ni nani amebebeshwa kazi ya kujaza fomu. Na kama watu huacha jambo la miili yao wenyewe liamuliwe na fomu ambayo hawakuijaza, tusishangae wanapoacha Sh100 ichukuliwe kwa ujumbe ambao hawakuujibu.

Ushahidi ulio karibu zaidi na suala letu umetoka Marekani. Liran Einav, Benjamin Klopack na Neale Mahoney walifuatilia malipo ya kadi kwa huduma 10 za kujiunga, wakaangalia kinachotokea kadi ya mteja inapobadilishwa, labda kwa kuisha muda au kupotea. Wakati huo muuzaji hawezi kuendelea kukata kama kawaida; lazima mteja aingize taarifa za kadi mpya, na kwa kufanya hivyo anaamua upya. Wanaojitoa huongezeka ghafla, ingawa huduma yenyewe haijabadilika hata kidogo. Kwa makadirio yao, wateja kutokuwa makini huongeza mapato ya muuzaji kwa asilimia 14 katika huduma moja na kwa zaidi ya asilimia 200 katika nyingine. Tafakari tarakimu hiyo ya mwisho. Ina maana zipo biashara ambazo theluthi mbili ya mapato yao inatoka kwa watu ambao, kama wangekuwa wanaulizwa kila mwezi, wangekwisha kusema hapana.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni ya nchi za kadi, na kwamba sisi wa Magu, ambako wachache sana wana kadi ya kulipia mtandaoni, hayatuhusu. Mimi naona yanatuhusu zaidi. Mtanzania wa kipato cha chini amejengewa maisha ya kulipa kabla. Umeme ni LUKU, maongezi ni vocha, king'amuzi kinafunga kifurushi kikiisha, na sola nyingi za mkopo vijijini huwaka kwa kadiri ulivyolipia. Mpangilio huo una kero zake, lakini umempa ulinzi ambao haujaandikwa katika sheria yoyote: asipofanya kitu, hakuna kinachotoka mfukoni mwake. Giza linaweza kumkuta, deni jipya halimkuti. Kwa mkulima wa pamba ambaye pesa yake huja mara moja kwa msimu, au mvuvi wa dagaa wa Ghuba ya Speke ambaye mbalamwezi ikiwaka hupumzisha karabai na mtumbwi kwa siku kadhaa, ulinzi huo ni mkubwa. Anaweza kusimamisha matumizi yake yote bila kumpigia mtu simu na bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Ofa ya siku tatu bure inautoboa ulinzi huo. Salio ambalo mtu aliliweka ili apige simu linageuka kuwa fungu ambalo mwingine anaweza kuchota kila asubuhi, kwa idhini iliyotolewa mara moja, kwa jambo lingine. Na madhara yake hayaishii kwenye shilingi zilizokatwa. Aliyekwangua vocha ya Sh1,000 akikusudia kununua kifurushi cha Sh1,000 anakuta Sh900; kifurushi kinakataa, na inambidi atafute vocha nyingine au abaki na salio lisilonunua alichokitaka. Mwenye uwezo hununua kifurushi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yake ya pesa za simu, fedha isipite kwenye salio hata kidogo. Anayebaki kuumia ni yule anayeishi kwa vocha ndogo ya kibandani, mara nyingi mtu mzima mwenye simu ya kitochi, ambaye ujumbe wa namba fupi kwake ni mmoja kati ya nyingi zinazoingia mchana kutwa. Simu yenyewe pengine inashikwa na watu watatu nyumbani, na aliyebonyeza kukubali huenda si yule atakayeweka vocha.

Tusidanganywe na udogo wa kiasi. Sh100 kwa siku ni Sh36,500 kwa mwaka. Kwa bei elekezi ya pamba ya msimu wa 2024, Sh1,150 kwa kilo, hizo ni karibu kilo 32 za pamba mbegu. Mtu alilima, alipalilia, alipuliza dawa, alichuma na kubeba kilo hizo ili alipie dondoo za afya ambazo hazisomi. Nchi ilikuwa na zaidi ya laini milioni 80 za simu mwishoni mwa 2024. Katika soko la ukubwa huo, hata sehemu ndogo tu ya laini zikiachwa zikatwe kwa mazoea, fedha inayohama ni nyingi, na inahama bila mtu mmoja mmoja kuumia kiasi cha kumtosha kusimama na kudai. Udogo wa makato ndio unaoyapa uhai mrefu. Ingekuwa Sh36,500 inakatwa mara moja, hata mwezi usingepita kabla ya kelele kufika bungeni.

Je, kuna namna nyingine ya kutoa bure? Ipo, na tumeiona jirani. Septemba 2021 Netflix ilianzisha nchini Kenya mpango wa kutazama bure kwenye simu za Android, na mtazamaji hakudaiwa taarifa zozote za malipo. Ulipofungwa Novemba 2023, hakuna Mkenya wa mpango huo aliyeamka akakuta amekatwa. Aliyetaka kuendelea ilimbidi achague kifurushi na alipe. Asiyetaka alibaki na shilingi zake. Hatuhitaji kuisifu kampuni hiyo kupita kiasi: ilikuwa inatafuta wateja kama wengine, na ikaona mpango hauendelei. Lakini tofauti iko wazi. Pale muuzaji hakuwa na mkono ndani ya mfuko wa mteja, kwa hiyo bure yake iliisha kama inavyopaswa kuisha, na walioingia kulipa baadaye walikuwa wateja kwa maana kamili.

Hoja ninayoiheshimu zaidi kati ya zile zinazopinga ni ya wajibu wa mtu mzima. Masharti yaliandikwa, amesoma au angeweza kusoma, akakubali. Dola ikianza kuwalinda watu dhidi ya usahaulifu wao itaishia wapi? Jibu la kwanza liko kwenye sheria ambayo tayari tunayo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, mizizi yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, nayo inataka ukubali uwe kamili na udhihirishwe kwa namna ya kawaida inayoeleweka. Wanafunzi wa sheria wanaikumbuka kesi ya Uingereza ya 1862, Felthouse dhidi ya Bindley. Mjomba alimwandikia mpwa wake kuhusu farasi: nisiposikia neno kutoka kwako, nitahesabu farasi ni wangu kwa pauni 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu, na mahakama ikasema hapakuwa na mauzo, kwa kuwa mtu hawezi kumfunga mwenzake kwa kumtangazia kwamba kimya chake kitakuwa ndiyo. Kampuni itajibu kwamba mteja wake hakunyamaza, alibonyeza kukubali siku ya kwanza, na kisheria ina la kusema. Lakini tuangalie alichobonyeza. Alichokuwa anakitazama, na alichoitiwa kwa herufi kubwa, ni siku tatu za bure. Malipo yalipachikwa nyuma yake, yasubiri aache kukumbuka. Mantiki ya yule mjomba imerudi kwa mlango wa pili.

Tuna usemi kwamba aliyenyamaza amekubali, na kwenye kikao cha ukoo au baraza la mtaa una maana yake. Pale watu wanaonana. Anayenyamaza anajua ameulizwa, wenzake wanamwona usoni, na anayetilia shaka anaweza kumuuliza tena. Kimya cha mtu ambaye simu yake imeishiwa chaji, au aliyefuta ujumbe 20 kwa mkupuo, hakina sifa hata moja kati ya hizo. Na usahaulifu wenyewe hautokei kwa bahati mbaya katika biashara hii. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon kwa madai kwamba iliwaingiza watu kwenye huduma ya Prime bila ridhaa ya kweli na kuifanya njia ya kujitoa kuwa ndefu kwa makusudi. Kwa mujibu wa mashtaka, ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Kiyunani kuhusu vita vya Troya. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Mtu akilinganisha juhudi za wahandisi wa kampuni kubwa kama hiyo na umakini wa mteja mmoja aliyechoka jioni, haki haimruhusu aseme "wajibu ni wa mteja" halafu afunge mjadala.

Hoja nyingine ni ya kibiashara: ukidai ndiyo ya pili, wateja watapungua, na watakaoumia ni watengeneza maudhui wadogo, wakiwamo wasanii wanaopata mgawo wao kwenye miito ya simu. Kwamba walipaji watapungua ni kweli, na ndiyo maana kanuni inahitajika. Lakini kuna upande wa pili ambao wafanyabiashara wenyewe wangefaa kuupima. Klaus Miller, Navdeep Sahni na Avner Strulov-Shlain walifanya jaribio kwenye gazeti moja la Ulaya lenye wasomaji zaidi ya milioni mbili. Baadhi ya wasomaji walipewa ofa ya majaribio inayojiendeleza yenyewe, wengine inayojikatisha yenyewe. Kati ya ambao wangejiunga, asilimia 24 hadi 36 walikaa pembeni walipoona ofa ni ya kujiendeleza. Watu hawa walijijua kwamba watasahau, wakaukwepa mtego kabla ya kuukaribia. Hapa kwetu hakuna asiyemjua mtu ambaye hafungui ujumbe wowote wa namba fupi, wala habonyezi kiungo chochote, kwa kuogopa kukatwa. Msanii wa Mwanza ambaye wimbo wake ungependwa anawakosa hao wote kwa sababu ya waliotangulia kuwatoboa mifuko. Mgawo anaoupata leo kutoka kwa waliosahau unalipwa kwa imani ya ambao wangekuja kwa hiari yao.

Wengine wamekwisha kulishughulikia suala hili. India, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano TRAI, iliagiza Julai 2013 kwamba huduma za ziada za simu zisianze kukata mpaka mteja athibitishe mara ya pili, na ikaweka namba moja ya bure, 155223, ya kujitoa kwenye huduma yoyote ya kampuni yoyote. Nigeria mwaka 2016 ilianzisha namba fupi 2442 ya kukataa jumbe za matangazo. Si kila juhudi imefaulu: kanuni ya Marekani iliyotaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga ilibatilishwa na mahakama Julai 2025 kwa dosari za utaratibu wa kuitunga. Kwetu, Kanuni za Kulinda Mtumiaji za 2018 zipo, na miongozo ya vifurushi ya Aprili 2021, ambayo wengi wanaikumbuka kwa ghasia za bei, ilikuwa na kifungu kizuri kilichofunikwa na kelele hizo: mteja aarifiwe matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Nchi ilikwisha kukubali kwamba mtu asivushwe mpaka wa gharama akiwa gizani. Kinachobaki ni kuupeleka msimamo huo kwenye huduma za majaribio, na kuongeza hatua moja, kwamba arifa peke yake haitoshi mpaka ijibiwe.

Anayedhani dola haina ruhusa ya kugusa kitu kinachotolewa bure akumbuke maziwa ya kopo. Sampuli za bure hospitalini zilimfanya mama aliyejifungua aanze kopo, maziwa yake yapungue, na bure ilipokwisha akawa hana budi kununua. Shirika la Afya Duniani likapitisha mwongozo wa kimataifa mwaka 1981, na Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Uzito wa mambo hayo mawili haulingani, mtoto mchanga hafananishwi na salio. Msingi wa kuingilia ndio unaofanana: zawadi iliyopangwa ili anayeipokea apoteze uwezo wa kuikataa baadaye.

Na Kanda yetu ya Ziwa ina kumbukumbu yake ya kukataa kupunjwa kidogo kidogo. Kabla ya ushirika kununua pamba, wakulima wa Usukuma na Ukerewe walilalamika kwamba mizani za wanunuzi binafsi zinawaibia ratili chache kila mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe, pamba ipimwe kwao kwanza ndipo ifike kwa mnunuzi. Vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, lilizaa mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Wangeweza kuambiana kila mtu awe macho anapofika kwenye mizani. Waliona kwamba umakini wa mkulima mmoja mmoja hauwezi kushindana na mizani iliyotegwa, wakabadilisha utaratibu wa kupima.

Utaratibu wa kubadilishwa leo hauhitaji mitambo mipya. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, mtu yeyote anapiga *106# na kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya namna hiyo, moja kwa mitandao yote, inaweza kumwonyesha huduma zote zinazomkata na kumruhusu kuzifuta papo hapo, kwa Kiswahili, kwenye simu ya kitochi. Mamlaka ya Mawasiliano nchini, TCRA, iweke sharti kwenye leseni kwamba hakuna kukata baada ya muda wa bure bila jibu jipya la mteja, na kwamba jibu hilo liombwe muda wa bure unapokwisha, lisichukuliwe mapema. Njia ya malalamiko iliyopo haitoshi hata ikiendeshwa kwa nia njema. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, lakini nauli ya kutoka Magu kwenda na kurudi inazidi mara nyingi kile alichokatwa mlalamikaji kwa juma zima, na mtu mwenye akili timamu hatasafiri. Kwa sababu hiyo mzigo wa kuthibitisha uwe kwa kampuni: iliyokata bila kumbukumbu ya ndiyo ya pili irudishe fedha yote bila kusubiri kuombwa. Wale ambao wanakatwa leo kwa majaribio waliyoyasahau watumiwe swali moja lenye bei na jina la huduma, na wasiojibu ndani ya siku saba waondolewe.